Nasiha ni Deni: Maisha ya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wa mwambao, leo nataka kukuelezeni khabari za mwanachuoni ambaye jina lake mnalijua nyote, na ambaye wengi wenu mmesomeshwa vitabu vyake vyuoni mlipokuwa watoto. Lakini kabla ya kumtaja nakuombeni mnivumilie kidogo, nieleze sababu iliyonifanya nimkumbuke, kwani nilimkumbuka mahali palipo mbali sana na mji wake.

Nilikuwa Burnt Forest, huko bara, katika nchi ya Uasin Gishu, kwenye njia kuu itokayo Nakuru kwendea Eldoret. Ni nchi ya juu, yenye baridi kali, ya mahindi na viazi na maziwa, na jina lake hilo la Kiingereza maana yake ni msitu ulioungua. Ndugu zetu wachache wa huko walinialika nikae nao siku chache na niwasomeshe baada ya sala ya Isha. Usiku wa kwanza nilisema muda wa saa nzima. Nikawataja Wazungu na waliyotufanyia, nikaitaja serikali na inayotunyima, nikawataja majirani na tabia zao, nikamaliza na vijana wa siku hizi na upotevu wao. Wakanisikiliza kwa adabu. Nilipokwisha, akanyoosha mkono kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango, akaniuliza kwa upole kabisa: katika umri wangu wote, ni nasiha gani iliyo bora niliyopewa, na ni nasiha gani iliyo bora niliyompa mtu.

Msomaji wangu, sikuficheni. Nilinyamaza. Nilikuwa nimesema saa nzima, na katika saa hiyo sikuwa nimempa mtu yeyote pale jambo moja la kwenda kulifanya asubuhi. Nilikuwa nimelaumu tu, na walionilaumisha hawakuwapo hata mmoja kunisikia. Nikamwomba yule kijana anipe muhula mpaka kesho. Usiku ule, chini ya mablanketi mawili, nikawa nawapitia moyoni waalimu wangu na waalimu wa waalimu wangu, mpaka fikra yangu ikasimama kwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui. Kesho yake sikutoa hotuba. Niliwahadithia maisha yake, na ndiyo haya niyaandikayo.

Sheikh al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake ni ule wa Mazrui waliotoka Omani, walioitawala Mombasa kwa muda wa miaka mia moja hivi, mpaka mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan alipowaondoa katika utawala, na wakubwa wao wakakamatwa wakapelekwa mbali wasirudi tena. Mtoto azaliwaye katika nyumba kama hiyo hukuta nasiha moja imekwisha mngojea mlangoni, nayo ni nasiha mbovu: kwamba yeye ni mjukuu wa fulani, na hilo lamtosha. Wangapi tumewaona katika miji yetu, wamekaa barazani wakihesabu majina ya mababu mpaka jua likazama!

Lakini baba yake alikuwa amekwisha mwachia urithi wa namna nyingine. Sheikh Ali bin Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1825, alikuwa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa pwani hii. Katika zama za Sayyid Barghash alitiwa kifungoni Unguja kwa sababu ya yale aliyokuwa akiyasomesha na kuyatetea, na hakufunguliwa ila baada ya Sayyid Barghash kufariki mwaka 1888 na ufalme kumfikia Sayyid Khalifa. Alirudi kwao, akafariki mwaka 1894, na mwanawe al-Amin angali mtoto mdogo asiyeweza kukumbuka mengi ya baba yake. Basi wala hatuwezi kusema kuwa alipata nasiha kinywani mwa baba. Aliyoyapata ni khabari ya baba aliyefungwa kwa ajili ya ilimu, na rafu za vitabu.

Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis Mazrui, aliyekuwa mwanafunzi wa baba yake, na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hapa pana jambo la kuzingatia. Sheikh Suleiman alichukua ilimu kwa Sheikh Ali, kisha akairudisha kwa mtoto wa Sheikh Ali. Aliona alichopewa ni deni, akalilipa kwa mwenyewe. Huu ndio mwanzo wa nasiha aliyoipata Sheikh al-Amin, na hakuna aliyekaa akamtamkia. Aliiona kwa macho yake nyumbani, siku baada ya siku.

Alipokuwa kijana alisafiri mara kwa mara kwenda Unguja kusoma. Unguja ya siku hizo ilikuwa na bahari mbili za ilimu. Mmoja ni Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, akasafiri Hadhramaut, na Makka, na Misri, na Istanbul, akawa kadhi Unguja ambaye hukumu zake zilitegemewa pwani nzima. Wa pili ni Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1860, aliyefungua chuo chake Unguja na kuwasomesha watu wa kila kabila. Watu wawili hawa walipendana mapenzi ya ajabu, na wote wawili walifariki katika mwaka mmoja, 1925. Sheikh Abdallah alikwisha kuwa mtu mzima, mwenye wanafunzi wake waliomzunguka, alipofunga safari kabla ya vita vikuu vya kwanza akaenda mpaka Cape Town kuwasuluhisha Waislamu wa huko waliokuwa wakigombana. Hakungoja wao wamjie. Basi kijana wa Mombasa aliyeketi mbele ya waalimu hawa, hata lau wasingalimwambia neno lolote ila masomo ya kitabu, alikuwa akiona ya kwamba ilimu hufuatwa ilipo, na kwamba aliyekwisha ipata huiondoa miguu yake kuipeleka kwa wanaoihitaji.

Tena yako mafunzo mengine yaliyomjia kwa njia ya posta. Mwaka 1898 Sayyid Rashid Rida alianza kutoa Cairo jarida lake la al-Manar, kueneza mawazo ya mwalimu wake, Sheikh Muhammad Abduh, na ya Sayyid Jamaluddin al-Afghani. Sheikh al-Amin alikuwa msomaji wake. Humo alikuta watu wanaojiuliza swali lile lile aliloliona yeye katika mitaa ya Mombasa: kwa nini Waislamu wamerudi nyuma? Na akakuta jibu ambalo si la kupendeza sikioni, kwamba sababu ya kwanza tuitafute ndani ya nyumba zetu. Kufuata walivyofanya wazee bila ya kujua dalili, kuiacha ilimu, kutawanyika, na uvivu.

Hebu tuitazame Mombasa aliyokuwa akiishi. Reli ilikuwa imefika ziwani mwaka 1901, na utajiri wa nchi ukawa wapita mjini kuelekea bara. Utumwa ulipigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka 1907, na mashamba mengi yakakosa wa kuyalima. Mwaka 1908 ikatoka sheria ya kuandikisha hati za ardhi, na wenye hati wengi wakaona wepesi wa kuuza kuliko kulima. Skuli ya serikali ya watoto wa Kiarabu haikufunguliwa Mombasa ila mwaka 1912, ilhali skuli za misheni zilikuwa zimekwisha toa makarani na waalimu kwa miaka mingi. Wazee walizicha skuli hizo wakiikhofia dini ya watoto wao, na khofu yao ilikuwa na msingi. Lakini khofu peke yake haimfunzi mtoto hesabu. Matokeo yake ni kuwa watoto wetu hawakuwa na ilimu ya Kizungu, wala ile ya dini hawakuisoma ila kwa kukariri wasichokifahamu.

Mbele ya hali hii Sheikh al-Amin angaliweza kufanya kama nilivyofanya mimi Burnt Forest usiku wa kwanza. Alikuwa na haki ya kulalamika kuliko wengi, maana mji huo ulikuwa mikononi mwa wazee wake. Naye hakuificha tarikhi hiyo. Aliiandika kwa Kiarabu katika kitabu cha tarikhi ya Mazrui wa Mombasa, ambacho kilikuja kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Lakini aliandika kama mwanachuoni aandikavyo, ili yaliyopita yajulikane, si ili watu wayalalie.

Alichokifanya kwa watu wake ni kitu kingine. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo walizozijua watu waliosoma chuoni. Mwaka 1932 akatoa gazeti la kila juma aliloliita al-Islah, maana yake matengenezo, kwa Kiarabu na Kiswahili. Jambo hili leo laonekana dogo. Siku zile wanavyuoni waliandika kwa Kiarabu, na mtu wa kawaida alingoja afasiriwe. Sheikh al-Amin, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kutosha kuandikia wanavyuoni wa popote, aliona kuwa nasiha isiyofahamika na anayenasihiwa haijafika. Akaiteremsha mpaka kwenye baraza ya muuza samaki na mshona nguo.

Na alinasihi nini? Makala zake zilizokusanywa katika kitabu cha Uwongozi zingali zasomwa, na mwaka 2017 nyingi katika hizo zilitolewa kwa Kiingereza, na wanavyuoni wa vyuo vikuu wazichungua. Kiini chake ni kimoja. Aliwaambia Waislamu wa pwani wajitazame wenyewe kabla ya kuwatazama wengine. Aliwalaumu kwa fedha wanazozitupa katika harusi na matanga kisha wakakosa fedha za kumsomesha mtoto. Aliwalaumu waigao mavazi ya Wazungu, na ngoma zao, na ulevi wao, wakaacha kuiga kilichowapa Wazungu nguvu, nacho ni ilimu, na bidii ya kazi, na kushirikiana. Aliwahimiza wasome dini na wasome ilimu za dunia, na asiiache moja kwa ajili ya nyingine. Alitaka mtoto wa kike naye afunzwe, kwa sababu nyumba ambayo mama hajui kitu, watoto huanza safari wakiwa nyuma. Alitaka mambo yaliyoingizwa katika dini bila ya dalili yapimwe kwa Kurani na Sunna, hata yakiwa yamezoeleka.

Hayo hayakuwapendeza wote. Mtu akikuambia jirani yako ni mbaya utamkaribisha kahawa; akikuambia kasoro ni yako utamtazama kwa jicho jingine. Lakini kila aliposema neno zito alilitia ndani ya kundi lake mwenyewe, yaani sisi tumefanya, sisi tumeacha. Hakusimama juu ya watu akawanyooshea kidole. Hii ndiyo adabu ya nasiha, nayo ni ngumu kuliko nasiha yenyewe.

Katika mwaka huo huo wa 1932 aliwekwa Kadhi wa Mombasa, na gazeti halikuendelea. Wako wasikitikao kwamba ukadhi uliinyamazisha kalamu. Mimi naona kalamu haikunyamaza, ilibadili kazi. Aliandika vitabu vidogo vidogo vya kusomeshea, kama Hidayatul Atfal cha watoto, na cha sharia za sala, na cha ndoa na talaka, kwa Kiswahili kisicho na taabu. Kadhi husikiliza kila siku kesi za wake na waume wasiojua haki zao, na ajuaye chanzo cha maradhi hutafuta kinga badala ya kungoja wagonjwa. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na cheo hicho alikuwa nacho mpaka mauti yalipomkuta. Alianza pia kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Ilikuwako tafsiri iliyotolewa mwaka 1923 na padri mmoja wa misheni ya Unguja, Godfrey Dale, na ilikuwa aibu kwetu kwamba Mswahili Mwislamu atake maana ya Kitabu chake ayapate kwa padri. Sheikh al-Amin hakuwahi kuimaliza kazi hiyo. Alifariki mwaka 1947, naye ana umri wa miaka 56. Mwenyezi Mungu amrehemu na amweke pema.

Sasa tazameni yaliyofuata, maana hapa ndipo lilipo jibu la yule kijana. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu baadaye, akaandika vitabu vyake na kuyatengeneza maandishi ya mwalimu wake yapate kuchapwa. Na alikuwamo Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, naye akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ndiye aliyekamilisha tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili mwaka 1969, ile ambayo haikosekani katika nyumba zetu. Kazi aliyoiacha mwalimu njiani, mwanafunzi aliifikisha. Wote wawili walifariki mwaka 1982, nao wameacha wanafunzi.

Na katika nyumba yake mwenyewe alikuwamo mtoto, Ali, aliyezaliwa mwaka 1933. Baba alitamani mwanawe huyu aende Azhar akawe mwanachuoni wa dini kama wazee wake. Alifariki mtoto ana miaka 14, na mambo hayakwenda alivyotamani. Ali alisoma Uingereza na Marekani, akawa profesa Makerere, kisha Marekani, na dunia ikamjua kwa jina la Ali Mazrui. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu. Hakuishika njia ambayo baba aliionyesha kwa kidole. Lakini umri wake wote aliendelea kuuliza swali la baba yake, Waafrika na Waislamu wamefikaje hapa walipo, na alisema na watu hadharani bila ya kuogopa. Mzazi anayedhani nasiha yake imepotea kwa kuwa mtoto amechagua kazi nyingine, na alizingatie hilo.

Hivi ndivyo nilivyowahadithia ndugu zetu wa Burnt Forest usiku wa pili. Kisha nikamgeukia yule kijana nikamjibu. Nikamwambia kwamba nasiha bora niliyoipata mimi nimeipata kwa mtu aliyefariki kabla sijazaliwa, nayo ni kuwa ulichopewa ni deni, ulipe kwa lugha anayoifahamu unayemlipa, na ukianza kutafuta kasoro, anza nyumbani kwako. Ama nasiha bora niliyoitoa, nikamwambia, sijaitoa bado, na pengine ndiyo kwanza naianza usiku huu.

Akasimama mzee mmoja. Mji ule, ndugu zangu, umepata kuungua zaidi ya ule msitu ulioupa jina. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, majirani waligeukiana huko, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbia. Mzee yule akasema, kwa ufupi, kwamba katika siku zile kila kundi lilikuwa na mtu hodari wa kueleza makosa ya kundi la pili, na hakuna lililokuwa na mtu wa kueleza ya kwake. Na kwamba hotuba yangu ya usiku wa kwanza ilimkumbusha siku zile. Alisema bila ya ukali. Nikamwomba radhi mbele ya watu, kwani nilikosea mbele ya watu.

Kabla ya kuondoka kwangu walikubaliana mambo mawili. Kuwa darasa ya watoto isomeshwe kwa Kiswahili cha kufahamika, maana baada ya kila aya na kila hukumu, na wasichana wakae katika darasa hiyo sawa na wavulana. Na kuwa fedha walizokuwa wakizikusanya kwa ajili ya karamu moja kubwa ya mwaka, nusu yake ilipe ada za skuli za watoto wawili wasio na baba. Si mambo makubwa. Gazeti la al-Islah nalo lilikuwa kurasa chache tu, la mtu mmoja, katika mji mmoja, na halikudumu.

Basi nanyi, ndugu zetu wa Mombasa na Lamu na Malindi na Tanga na Unguja, ambao Sheikh huyu ni wenu kabla ya kuwa wa mtu mwengine yeyote, swali la kijana wa Burnt Forest nakuleteeni. Kila mmoja ajiulize leo usiku: nasiha gani nimepewa, na nani ananidai?

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh al-Amin na waalimu wake na wanafunzi wake, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema yake. Amin.